Vituo Vingi, Vipindi Vilevile: Wasomaji Wanauliza Kuhusu Runinga

Barua za safari hii zimetoka pande zote, Arua hadi Kasese, na nyingi zinalia kilio kimoja: runinga zimekuwa nyingi ila mtazamaji hajashiba. Tumejibu nane. Zilizo ndefu tumezifupisha, na majina tumeyaacha.

SWALI: Hapa kwangu napata vituo zaidi ya ishirini. Nikibonyeza saa mbili usiku nakuta tamthilia ya nje iliyotiwa sauti ya Kiluganda, nikibonyeza tena filamu ya nje inayosimuliwa na VJ, nikibonyeza tena tamthilia nyingine. Tuliambiwa ushindani utatupa uchaguzi. Uko wapi? (Mwalimu wa sekondari, Kasese)

Mwalimu, chukua chaki. Tuseme mtaa wako una nyumba 100: 80 zinapenda tamthilia, 15 zinapenda mpira, 5 zinataka kipindi cha kilimo, na nyumba ikikosa ikipendacho inazima runinga. Kituo cha kwanza kitaenda wapi? Kwenye tamthilia. Cha pili nacho kitaenda hukohuko, maana nusu ya 80 ni 40, na 40 inazidi 15. Cha tatu, cha nne na cha tano vivyo hivyo: vikiwa vitano kila kimoja kinapata nyumba 16, bado zaidi ya 15. Ni cha sita tu kitakachoona afadhali kukimbilia mpira. Na wakulima wako? Endelea na hesabu, utakuta zamu yao inafika kati ya kituo cha 18 na cha 20. Namba hizi ni zetu za mfano, lakini hoja ni ya mwanauchumi Mmarekani Peter Steiner, aliyeitoa mwaka 1952 akizungumzia redio.

Sasa tazama hali ilivyo vituo vikifika 20. Kila kimoja kimebaki na nyumba tano, na fedha za matangazo zimekatwakatwa vipande. Tamthilia nzuri ya kwetu inataka waigizaji, taa, usafiri, wahariri na wiki kadhaa za kazi, na gharama yake haipungui hata shilingi moja kwa sababu watazamaji ni wachache. Ile ya Uturuki, India au Mexico imekwisha kurudisha gharama yake kwao. Kila inachopata hapa ni faida, kwa hiyo muuzaji anaweza kuishusha bei hadi mzalishaji wetu asiweze kumfuata. Kuitia sauti kunahitaji chumba kimoja na watu wachache wenye midomo myepesi. Ndiyo maana kuongeza vituo bila kuongeza fedha hakuleti aina mpya ya vipindi. Kunakikondesha kilekile kilichokuwapo.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu ya chaki haionyeshi. Mwenye sabuni au soda anayelipia tangazo hahesabu vichwa peke yake, anahesabu mifuko. Mtazamaji wa Kampala, Wakiso au Mukono anauzika kwa bei nzuri kuliko mkulima wa Kaabong, hata kama wote wawili wamekodoa macho kwenye skrini ileile.

Hoja ya Steiner ilikuwa na nusu ya pili ambayo watu huisahau. Mwenye vituo vitatu hashindani na mwenyewe. Akishaweka tamthilia kwenye kimoja, cha pili anakitafutia watu wengine. Tazama kampuni zetu kubwa za habari: Nation Media iliweka Spark kando ya NTV, Next Media ina NBS na Sanyuka, Vision Group ina Bukedde, Urban na TV West inayosema Kinyankole na Kikiga. Kwa habari na siasa, umiliki wa namna hiyo ni hatari, hilo halina ubishi. Kwa aina za vipindi, wakati mwingine ni nafuu.

Utasema mdhibiti afanye kitu. UCC, tume ya mawasiliano, imeviwekea vituo visivyolipiwa sharti la asilimia 70 ya maudhui ya ndani. Nia ni njema, ila sharti linapima kipindi kimetoka wapi, halipimi ni cha aina gani wala kimegharimu nini. Kituo kinaweza kulitimiza kwa video za muziki, mazungumzo ya watu watatu kwenye kochi, na marudio. Kochi ndilo samani lililofanya kazi kubwa kuliko yote katika runinga ya Uganda. Sharti lenye meno lingetaja saa kwa wiki: saa kadhaa za watoto, saa kadhaa za kilimo na afya, saa kadhaa za tamthilia mpya iliyotengenezwa hapa, na marudio yasihesabiwe.

Lakini tusiukufuru ushindani. Kabla ya vituo binafsi vya miaka ya 1990 tulikuwa na UTV ya serikali peke yake, na taarifa ya habari ilikuwa orodha ya safari za wakubwa. Habari za lugha za nyumbani zinazotazamwa kuliko za Kiingereza, kamera zinazofika kwenye tope la Bududa siku hiyohiyo, maswali magumu kwa mawaziri: hayo yaliletwa na vituo kugombea watazamaji.

SWALI: UBC ni yetu sisi wananchi au ni ya serikali? Na kama ni yetu, kwa nini inarusha matangazo ya biashara kama wengine? (Mfanyabiashara, Tororo)

Kwenye karatasi ni yenu. Uganda Television ilianza 1963 kama kitengo cha wizara. Sheria ya 2005 iliiunganisha na Radio Uganda na kuzaa shirika la utangazaji la umma, UBC. Jina lilibadilika siku moja. Tabia huchukua muda mrefu zaidi. Ukitaka kujua kituo chochote ni cha umma au ni cha serikali, uliza nani anateua bodi, nani anajaza kapu la fedha, na nani anaweza kupiga simu kipindi kikafutwa. Bodi ya UBC huteuliwa na waziri, na hilo peke yake linakupa theluthi ya jibu.

La kapu ndilo gumu. Shirika la umma lina mifuko mitatu ya kuchovya. Wa kwanza ni ada ya leseni kwa wenye runinga. Sheria ya 2005 iliiruhusu, ukusanyaji ukaanza, ukasimamishwa kwa amri ya Rais, na ada haikurudi. Uingereza inaishi kwa mfuko huo: kuanzia Aprili 2025 nyumba ililipa pauni 174.50 kwa mwaka. Ujerumani tangu 2013 inatoza kila nyumba, iwe na runinga au isiwe nayo, na hivyo imekwepa mchezo wa watu kuficha seti chini ya kitanda mkaguzi akipita. Afrika Kusini nayo ina leseni ya randi 265 kwa mwaka, na walio wengi hawailipi. Ada inayokusanywa mlango kwa mlango hula fedha nyingi kabla haijafika studioni.

Mfuko wa pili ni bajeti ya serikali. Ubaya wake ni kwamba aliyeijaza anaweza kuifunga. Marekani ilianzisha shirika la kugharimia utangazaji wa umma mwaka 1967. Julai 2025 Bunge likafuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimekwisha kupitishwa kwa miaka miwili, na shirika likatangaza kufunga kazi.

Wa tatu ni matangazo ya biashara, na hapo UBC inarudi kwenye zile nyumba 80 za tamthilia. Haiwezi kula kwa mwenye sabuni na huku inamhudumia yule ambaye mwenye sabuni hamtaki. Mwezi Machi 2023 Rais aliagiza wizara na taasisi zote za serikali zipeleke matangazo yao UBC. Shirika lilipata nafuu, lakini itazame hatua hiyo kwa jicho la ushindani: serikali ni mtangazaji mkubwa mno katika soko hili, na vituo binafsi vilivyokuwa vikilipa waandishi kwa fedha hizo vilipoteza mteja kwa barua moja. Na UBC yenyewe haikupata uhuru, ilipata mlipaji mmoja mkubwa badala ya wengi wadogo.

Njia zipo. Waingereza walipoanzisha Channel 4 mwaka 1982 waliifanya mali ya umma iliyoagizwa kuhudumia wale ambao wengine hawawahudumii. Hadi mwisho wa 1992 haikuuza matangazo yake yenyewe: kampuni za ITV, runinga ya biashara ya kulekule, ziliuza nafasi zake na kuigharimia kwa mchango uliopangwa na mdhibiti. Kituo hakikulazimika kumbembeleza mwenye sabuni, na ITV haikupoteza soko. Kwetu mchango mdogo juu ya mapato ya runinga za kulipia na matangazo ya mtandaoni, ukiwekwa kwenye mfuko ambao kituo chochote kinaweza kuuombea fedha za kipindi cha watoto au cha kilimo, ungefaa zaidi kuliko kuirundikia UBC kila kitu. Muhimu mfuko ulipie kipindi, usilipie jengo.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa wewe ni mfanyabiashara utalielewa upesi. Mawimbi ya kidijitali ya vituo visivyolipiwa husambazwa na Signet, ambayo ni tawi la UBC. Maana yake mshindani mmoja ndiye mwenye barabara, na wengine wote wanamlipa ushuru wa kupita. Hata akiwa mwadilifu, mpangilio huo unahitaji hesabu za Signet zitenganishwe na za UBC, bei yake ya kila mwezi itangazwe, na iwe moja kwa wote, UBC ikiwamo.

SWALI: Nimeacha kulipia king'amuzi changu tangu mwaka jana, na sasa hata vituo vya hapa Uganda vimekatika. Je, kutazama habari za nchi yangu nako ni lazima nilipe kila mwezi? (Mama wa watoto wanne, Arua)

Hapana, mama. Dikoda uliyonayo imefungwa kwenye mfumo wa kampuni iliyokuuzia, na nyingi haziwezi kusoma mawimbi ya mwingine. Vituo visivyolipiwa vinaruka hewani kwa njia yao, na wewe huna haja ya kadi.

Kwanza tazama runinga yenyewe kabla hujanunua kitu. Seti nyingi za miaka ya karibuni zina kipokezi cha mawimbi hayo, kinachoitwa DVB-T2, ndani yake. Tafuta maandishi hayo nyuma ya seti au kwenye kijitabu. Yakiwa ni DVB-T peke yake, bila 2, haitafaa, na hapo ndipo wengi huumia dukani: sanduku la bei rahisi lenye T moja litakuonyesha skrini nyeusi milele. Ukinunua king'amuzi, hakikisha ni DVB-T2 chenye MPEG-4 na hakidai kadi.

Antena iwe ya UHF, ile yenye fito fupi nyingi, na uiweke nje juu ya paa. Waya uwe wa ohmu 75, kipande kimoja bila kiungo katikati. Kila kiungo ni mlango wa maji ya mvua. Ielekeze mnara ulipo. Kama hujui, angalia antena za majirani zinatazama wapi, na zaidi angalia fito zao zimelala au zimesimama. Zao zikiwa zimesimama na zako zimelala utapoteza sehemu kubwa ya mawimbi hata kama umeilenga sawasawa. Kisha ingia kwenye menyu, chagua kutafuta vituo, na usome vipimo viwili vinavyotokea: nguvu na ubora. Watu hushangilia nguvu. Kinachotakiwa ni ubora. Geuza antena kidogo kidogo, subiri sekunde tano kila mara kwa sababu kipimo huchelewa, simama pale ubora unapokuwa juu.

Picha ya zamani ya analogi ilichafuka polepole ukajua antena imepinda. Ya kidijitali haina chengachenga: ni nzuri, nzuri, halafu inaganda na kukatika ghafla. Ikiganda kila jua linapowaka au mvua inaponyesha, ubora wako uko ukingoni mwa shimo. Inua antena mita moja au mbili zaidi kabla hujanunua kikuza mawimbi. Ukiwa karibu na mnara, kikuza mawimbi kinaweza kuharibu kabisa. Na rudia kutafuta vituo kila baada ya miezi michache, maana vituo huhamishwa masafa bila mtu kukupigia simu.

SWALI: Nina kipindi cha kilimo cha dakika 30 kwa Kiswahili. Kituo kimoja kimeniambia ninunue muda wa hewani. Nimezoea kufikiri kituo ndicho kinachomlipa mtengenezaji! Nifanyeje? (Kijana mtengenezaji wa vipindi, Jinja)

Duniani kote kuna njia nne: kituo kinakuagiza na kukulipa, kituo kinanunua haki ya kuonyesha, mnabadilishana kipindi kwa nafasi za matangazo, au wewe unanunua muda. Hiyo ya mwisho ndiyo wahubiri na waganga wa mitishamba wanayoitumia, na wamepandisha bei. Usiikubali upesi. Omba ya tatu.

Hesabu yake iko hivi. Nafasi ya dakika 30 hubeba dakika 24 za kipindi na 6 za matangazo, yaani matangazo 12 ya sekunde 30. Mkigawana nusu kwa nusu, unabaki na 6 ya kuuza. Tuseme kila moja unaliuza shilingi 300,000: ni 1,800,000 kwa kila toleo, na kwa matoleo 13 ni 23,400,000. Kama toleo moja linakugharimu 2,200,000, una pengo la 400,000 kila wiki. Pengo hilo hulizibi kwa kutumaini. Punguza gharama kwa kurekodi matoleo mawili kwa siku moja ya shambani, au tafuta mdhamini mmoja wa msimu mzima.

Mnunuzi wa matangazo atakuuliza namba zako. Zijue mbili zisikuchanganye. Katika watu 1,000 waliohojiwa, 400 walikuwa wanatazama runinga saa hiyo, na 60 kati yao walikuwa kwenye kituo chako. Kiwango chako ni asilimia 6, yaani 60 katika 1,000. Fungu lako ni asilimia 15, yaani 60 katika 400. Kituo kikitaka kujisifu kitakutajia fungu. Mwenye fedha atauliza bei kwa watu 1,000: tangazo la 600,000 linaloonwa na watu 200,000 ni shilingi 3,000 kwa kila 1,000. Na uliza sampuli ilichukuliwa wapi. Iliyochukuliwa mijini tu, au kwa ujumbe wa simu peke yake, haimwoni mkulima wako, na kipindi kitaonekana hakina watu wakati wanacho.

Kwenye mkataba angalia haya: siku na saa ziandikwe, na kipindi kikisukumwa na mpira au hotuba kirudishwe saa ya thamani ileile ndani ya siku saba. Toa haki ya kuonyesha mara mbili au tatu ndani ya miezi 12, si haki zote milele. Haki za mtandaoni na za nje ya Uganda baki nazo, kwa kuwa kipindi cha Kiswahili kinaweza kuuzwa Kenya, Tanzania na mashariki mwa Kongo, na hilo mwenye kipindi cha Kiingereza chenye lafudhi ya Kampala halipati. Wasilisha picha ya 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde, sauti wastani wa LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) 23 chini ya sifuri. Hifadhi pia nakala isiyo na maandishi, na sauti za mazingira kando na za wasemaji, ili mtu akitaka kukitia Kiluganda au Kiteso asilazimike kufuta ng'ombe na mvua pamoja na mtangazaji.

Mdhamini akiwa muuza dawa za mimea, mpe jina mwanzoni na mwishoni, lakini mtaalamu wako asitaje chapa yake katikati. Ataje kiambata, kipimo kwa lita 20 za maji, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Ukivunja kanuni hiyo mara moja tu, mkulima atajua unauza.

Mwisho, kalenda. Sehemu kubwa ya nchi ina misimu miwili, ya kwanza ikianza karibu na Machi na ya pili karibu na Agosti. Karamoja ina mmoja. Toleo la kuchagua mbegu lionekane wiki tatu au nne kabla ya mvua. Likionekana baada ya kupanda ni burudani tu.

SWALI: Kwa nini Kiswahili hakisikiki kwenye runinga zetu ilhali Katiba inakitaja? (Mzee, Bombo)

Mzee wetu, marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, itumike kwa namna Bunge litakavyoweka kwa sheria. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Hakuna kati ya hayo kinachomlipa mhariri wa habari za Kiswahili. Soko limekwisha kuamua lake: Kiluganda kinauza Kampala, Kiingereza kinauza ofisini, na msikilizaji wa Kiswahili ametawanyika Bombo, Arua, Busia, Kasese na kambi za jeshi, kila mahali wachache, hakuna mahali wengi. Mkijumlishwa ni wengi. Mkigawanywa kwa wilaya hamwonekani kwenye kipimo cha mnunuzi wa matangazo. Pengo lenu linajazwa na vituo vya Tanzania na Kenya, ambavyo haviwezi kuwapa habari za barabara ya Bombo. Hii ndiyo kazi hasa ya shirika la umma, na hapo UBC, yenye taarifa ya Kiswahili, inastahili kudaiwa saa zaidi.

SWALI: AFCON ya 2027 itachezwa hapahapa kwetu. Je, tutaitazama bure au tutarudi kwenye kibanda cha video kulipa mlangoni? (Shabiki wa Cranes, Mbale)

Inategemea nani amenunua nini, na lini. Haki za mashindano makubwa huuzwa kwa eneo, na anayetoa fedha nyingi zaidi ni mwenye runinga ya kulipia, kwa sababu mpira ndio unaomfanya mtu alipe mwezi ujao. Hata ligi ya nyumbani ilikwenda huko: mwaka 2018 StarTimes ilisaini na FUFA, shirikisho letu la soka, mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 7.24. Vilabu vilihitaji fedha, na tusijifanye kituo cha bure kingezilipa.

Nchi nyingine zimeweka kinga. Uingereza, kwa sheria ya 1996, ina orodha ya matukio ambayo lazima yapatikane kwa wote, fainali ya Kombe la Dunia ikiwa mojawapo. India ilikwenda mbali zaidi mwaka 2007: mwenye haki analazimika kumgawia mtangazaji wa umma picha za mechi zenye umuhimu wa kitaifa, na mapato ya matangazo yanagawanywa 75 kwa mwenye haki na 25 kwa mtangazaji wa umma. Mpango wa India unatufaa kuliko wa Uingereza, maana haumnyang'anyi mtu alichonunua, na wa umma hahitaji mamilioni ya kuanzia.

Siri iko kwenye tarehe. Orodha ikitangazwa kabla haki hazijauzwa, mnunuzi anapunguza bei aliyokusudia na maisha yanaendelea. Ikitangazwa baada ya mkataba kusainiwa, mnakutana mahakamani, na mashindano yanaisha kesi haijatajwa.

SWALI: Kituo kimoja kilionyesha maiti ya ajali waziwazi saa moja jioni, watoto wakila. Nilalamike wapi? (Mzazi, Lira)

Andika mara moja: tarehe, saa na dakika, kituo, kipindi, ulichoona, na nani alikuwa mbele ya runinga. Piga picha skrini kama unaweza. Peleka barua kwa mhariri wa kituo kwanza, ukitaka jibu la maandishi ndani ya siku 14, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usisubiri mwezi, kituo hakihifadhi rekodi milele. Wakinyamaza, peleka nakala zote UCC, makao makuu yako Bugolobi, Kampala. Taja viwango vya chini vya utangazaji vilivyomo katika jedwali la nne la Sheria ya Mawasiliano ya 2013, vinavyokataza kukuza utamaduni wa ukatili, hasa kwa watoto, na kutaka vipindi vya watu wazima vipangwe saa zinazofaa. Omba kitu kimoja mahususi: onyo kabla ya picha, picha zizibwe, au taarifa ya aina hiyo isogezwe usiku.

Usiombe kituo kifungwe. Viwango hivyohivyo ndivyo vilivyotumika Septemba 2017 kuzuia matangazo ya moja kwa moja ya vurugu za Bungeni wakati wa mjadala wa ukomo wa umri wa Rais, na Mei 2019 kudai waandishi wa vituo 13 wasimamishwe kazi. Fimbo unayoililia leo kwa ajili ya watoto wako kesho itamchapa aliyekuletea habari.

SWALI: Mimi ni kiziwi. Mkalimani wa ishara kwenye taarifa ya habari ni mdogo kama stempu, na maandishi yanayopita chini yanamkata mikono. Kuna kipimo? (Fundi cherehani, Masaka)

Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2006 ilivitaka vituo viweke mkalimani au maandishi angalau katika taarifa moja kuu ya habari kila siku na katika vipindi maalumu vya kitaifa. Kuhusu ukubwa, kipimo cha kuiga ni cha mdhibiti wa Uingereza: mkalimani asipungue moja ya sita ya skrini. Kwenye runinga ya inchi 32 hiyo ni picha yenye upana wa sentimita 29 hivi na kimo cha 16. Maandishi yanayopita yaishie ukingoni mwa kisanduku chake, nguo yake iwe ya rangi moja inayotofautiana na ngozi, taa imwangazie kutoka mbele ili vidole visitupe kivuli usoni, na asiondolewe mtangazaji anapohamia kwenye michezo. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mashine mpya. Chukua rula, upime kisanduku kwenye skrini yako, upime na skrini nzima, na uvipeleke vipimo hivyo viwili pamoja na picha kwa mkuu wa ufundi wa kituo, si kwa mhariri. Kisanduku kile hupangwa kwenye chumba cha fundi.